Kosa linawezaje kuwa nice?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Anasema kisa cha Juliasi Kaizari alikijua tangu utotoni kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na sasa amepangiwa kufundisha tamthilia yenyewe kwa Kiingereza cha Shakespeare. Amefika tendo la nne, onyesho la tatu, Cassius na Brutus, viongozi wa waliomuua Kaizari, wanapogombana hemani, akakwama kwenye maneno every nice offence, kwa kuwa nice tunalijua kwa maana ya zuri, la kupendeza. Anauliza: "Kosa linakuwaje nice? Wanafunzi wangu wanasema Cassius anakejeli, kama mtu anavyomwambia 'hongera' aliyevunja sahani. Mwenzangu ofisini anasema ni kosa la uchapaji. Naomba unipe maana halisi ya neno hili na asili yake."

Mwalimu, Cassius hakejeli, na mchapaji hakukosea. Nice hapo ni dogo, la kipuuzi, lisilofaa kupotezewa muda. Mistari yenyewe inasema:

In such a time as this it is not meet
That every nice offence should bear his comment.

Kwa Kiswahili cha kila siku: wakati kama huu haifai kila kijikosa kiundiwe kesi. Ukikumbuka kilichotangulia utaona kwa nini neno hili dogo limebeba uzito mkubwa. Brutus amemwaibisha hadharani Lucius Pella kwa kula rushwa kwa watu wa Sardis. Cassius alimwandikia barua akimwombea Pella, barua zikatupwa kando, naye amekuja amefura. Utetezi wake ndio huo: tuko vitani, majeshi ya Antony na Octavius yanatukabili, wewe unahangaika na mambo ya nice. Brutus anamjibu kwamba hata yeye Cassius anasemwa kuwa na kiganja kinachowasha, kwamba anauza vyeo kwa dhahabu. Ugomvi mzima umesimama juu ya kama rushwa ni kosa la nice au si la nice. Wanafunzi wakilisoma neno hilo kama kejeli ya "zuri", Cassius anaonekana anatania, na hasira ya Brutus inakosa mahali pa kushika.

Kabla hatujaendelea, his comment pia itakuletea maswali darasani, kwa kuwa mwanafunzi makini atauliza kosa limekuwaje mwanamume. Enzi za Shakespeare neno its lilikuwa bado geni, na his ilitumika hata kwa vitu. Sisi wenye "yake" moja kwa wote hatupati taabu hiyo.

Sasa hiyo "maana halisi" uliyoomba. Nadhani ulikusudia maana ya kwanza kabisa, ile ya kwenye chimbuko. Ukiifuata hiyo itakubidi ukubali kwamba nice ni mjinga, na kila anayekusifia shati lako anakutukana.

Neno lilianzia kwenye Kilatini, nescius, yaani asiyejua: ne ya kukanusha mbele ya kitenzi scire, kujua. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa science ya Waingereza, na kwa mlango huo sayansi yetu. Nice na sayansi ni ndugu wa tumbo moja, mmoja anajua, mwingine hajui. Kifaransa cha kale kilimfupisha nescius akawa nice, kwa maana ya mjinga, bwege, mtu asiye na akili ya mambo. Wanormandi walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kikawa lugha ya mabwana kwa vizazi kadhaa, na maneno yake yakamiminika kwenye Kiingereza. Nice linaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza miaka ya 1300 hivi, likiwa na kazi ile ile ya kumwita mtu mpumbavu. Mji wa Nice ulioko kusini mwa Ufaransa hauhusiki hapa. Jina lake ni la Kigiriki na linatokana na ushindi.

Haikupita hata karne moja, neno likaanza kuhama. Mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, katika utangulizi wa Canterbury Tales mwishoni mwa karne ya 14, anamchora nahodha mmoja hodari na katili. Meli ikitoka Bordeaux na shehena ya mvinyo, mwenye mali akilala, nahodha anajichotea. Kisha Chaucer anasema:

Of nyce conscience took he no keep.

Dhamiri nyce hakuishughulikia. Ukiweka "dhamiri ya kijinga" hapo, sentensi inapoteza ladha. Anayosemwa ni ile dhamiri inayojibana, inayoona haramu kila mahali, inayokosa usingizi kwa kikombe kimoja cha mvinyo wa mtu. Na angalia neno lililokaa jirani: conscience nalo limezaliwa na scire. Ndugu wawili wako kwenye mstari mmoja, na sina hakika kama mwandishi mwenyewe alikuwa na habari.

Imekuwaje ujinga ukafika kwenye kujibana? Nionavyo mimi, mlango uko hapa. Mjinga wa mambo ya dunia hujionyesha kwa njia nyingi. Yuko anayecheka ovyo, na yuko anayeona haya, anayeogopa kushika kitu, anayekigeuzageuza chakula kwenye sahani kwa kuwa hajui kipi kinalika. Mtu anayemtazama anaweza kusema "huyu mjinga", mwingine akasema "huyu ana madaha", wote wakiwa wanazungumzia kitendo kimoja cha mtu mmoja. Mtoto aliyekaa pembeni akisikia neno nice likitumika hapo hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokusudiwa. Akishika lile la pili, akikua analitumia kwa lile la pili. Maana huhamia hivyo, katika sentensi ambazo zinakubali usomaji wa aina mbili, bila mtu yeyote kukaa mahali na kuamua.

Kutoka kwenye kujibana, neno likagawanyika, na hapa inafaa twende polepole kwa kuwa Shakespeare anaishi katikati ya mgawanyiko huo. Mtu mchaguzi ana jicho kali, kwa hiyo nice likawa makini, sahihi, lenye kupima hadi unywele. Mchaguzi huyo huyo ni msumbufu, kwa hiyo nice likawa pia lenye kudeka, lenye masharti mengi. Na lile jambo ambalo mchaguzi peke yake ndiye analiona, wengine wote wakilipita, ni jambo dogo sana. Hapo ndipo Cassius alipolichukua.

Nenda sasa kwenye tamthilia ya pili aliyoitafsiri Nyerere, Mabepari wa Venisi. Portia, ambaye baba yake marehemu amemfunga kwa wosia wa masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, anamwambia mwana mfalme wa Moroko kwamba katika kuchagua mume haongozwi tu na nice direction of a maiden's eyes. Huu ni mtego mtamu! Msichana, macho, nice: nani asiyeandika "macho mazuri"? Lakini Portia anasema macho ya msichana ni machaguzi, yana masharti, yanamkataa mtu kwa sura au kwa rangi. Ukiandika "mazuri" unageuza maelezo ya tatizo lake kuwa majisifu.

Mtego wa pili uko kwenye Henry V. Vita vimekwisha, mfalme wa Uingereza anataka kumbusu binti mfalme wa Ufaransa, naye anakataa: kwao wasichana hawabusiwi kabla ya ndoa. Mfalme anacheka: nice customs curtsy to great kings. Si mila nzuri hizo. Anasema mila za kujibana-bana zinawapigia magoti wafalme wakubwa, na ndani yake mna dharau kidogo iliyovikwa uchumba. Usipoisikia hiyo dharau, mstari unakuwa methali tupu.

Katika Romeo and Juliet, mtawa Laurence anaambiwa kwamba barua yake haikumfikia Romeo, na anahaha: the letter was not nice but full of charge. Barua haikuwa ya mambo madogo. Ilikuwa imebeba jambo zito. Hii ni maana ile ile ya Cassius, na ndiyo ningeanza nayo darasani, maana mstari unajieleza wenyewe. Neno but linasimama katikati, upande mmoja nice, upande wa pili mzigo, na mwanafunzi anaweza kuipata maana kwa kupima tu pande mbili.

Maana tunayoizoea leo, ya kupendeza, inaanza kuonekana katika maandishi mwaka 1769. Shakespeare alifariki 1616. Kwa hiyo mpe mwanafunzi wako kanuni rahisi: popote anapoikuta nice kwa Shakespeare, "zuri" ni jibu lisilo sahihi mpaka atakapothibitisha vinginevyo. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, maana ya kwanza aliyoipa nice ilikuwa usahihi wa kupima mambo madogo madogo, tena akaongeza kwamba mara nyingi husemwa kwa kulaumu.

Hatua kutoka usahihi hadi kupendeza ni fupi kuliko inavyoonekana. Mtu mwenye ulimi nice hupenda chakula nice: kilichopikwa kwa uangalifu, chenye kipimo. Mgeni akikila anakiona kitamu. Akisema that is nice, amesifia uangalifu au utamu? Vizazi viwili vya sentensi za aina hiyo vinatosha. Baadaye, kama mwaka 1830 hivi, sifa ikahama kutoka kwenye vitu ikaingia kwenye tabia, ndipo nice likawa pia mtu mwema, mpole kwa wenzake.

Aliyeyanasa mabadiliko hayo yakiwa bado ya moto ni Jane Austen. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake, msichana Catherine Morland, akiwa matembezini na kijana Henry Tilney na dada wa Henry, anamuuliza Henry kama kitabu fulani cha kutisha si the nicest book in the world. Henry anajifanya hakuelewa. Nicest, anasema, nadhani una maana kilicho nadhifu kuliko vyote; hilo litategemea jalada. Catherine anajitetea kwamba kitabu ni kizuri, kwa nini asikiite hivyo? Henry anaendelea kumchokoza: ndiyo, na leo siku ni nzuri sana, na matembezi yetu ni mazuri sana, na ninyi ni mabinti wazuri sana, kweli neno linafaa kwa kila kitu! Anadai kwamba hapo mwanzo lilihusu unadhifu na ustaarabu tu, watu walikuwa nice katika mavazi, katika hisia, katika kuchagua.

Kijana anajua kuchokoza lakini historia hana. "Mwanzo" wake ni katikati ya safari. Angerudi nyuma kwa uaminifu angefika kwenye upumbavu, na hapo ingembidi awaombe radhi mabinti wote wawili. Wanaolinda lugha dhidi ya uharibifu wana desturi hiyo: huchagua zama moja waipendayo, mara nyingi ujana wa babu zao, wakasema pale ndipo neno lilipokuwa salama. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alilalamika kwamba nice limeharibiwa na wanawake, eti wamelipenda mno hadi likapoteza sura. Hiyo ni dharau ya zama zake. Maneno ya sifa hupauka kwa kutumiwa, awe anayetumia mwanamke au mwanamume. Terrific lilikuwa la kutisha kabla halijawa la kusifia, na vijana wetu wanaosema ngoma ni hatari, au jamaa ni noma, au mechi ilikuwa balaa, wanaifanya kazi ile ile kila Jumamosi bila kuombwa ushauri na mtu.

Umeuliza neno moja, lakini ukiwa kwenye tamthilia hizo hizo mbili utakutana na majirani wake. Wengine wametembea kinyume. Silly lilianza juu kabisa: katika Kiingereza cha kale sælig alikuwa mwenye heri, mbarikiwa, na Wajerumani hadi leo wana selig kwa maana hiyo. Mbarikiwa akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, na dhaifu akaishia mjinga. Shakespeare anasema silly sheep na silly women, na mara nyingi hawatukani kondoo wala wanawake. Anasema hawana wa kuwatetea. Ukiweka safari mbili hizi pamoja unaona nice ametoka ujinga akapanda hadi wema, silly ametoka baraka akashuka hadi ujinga, na njiani wamepishana.

Knave ndilo ningependa ulichunguze zaidi, kwa sababu liko kwa maana mbili kwenye kitabu ulichonacho mkononi. Onyesho la kwanza kabisa, viongozi wa Roma wanawafokea mafundi mtaani, na fundi viatu anaitwa thou naughty knave. Hapo ni mlaghai, na naughty nayo haina utani wa mtoto mtundu. Ni mtu mbaya. Kisha rudi kwenye onyesho lile lile la nice offence, karibu na mwisho wake. Ugomvi umekwisha, usiku umekuwa mkubwa, mtumishi mdogo Lucius anapiga ala ya muziki mpaka usingizi unamwangusha. Brutus anamwambia gentle knave, good night, na anajizuia kumwamsha. Knave hapo ni kijana tu, maana ya zamani, ambayo kwa Kijerumani bado ni Knabe. Mwandishi mmoja, tamthilia moja, neno moja, tusi huku na upendo kule. Mwanafunzi anayeshika "maana halisi" moja atamfanya Brutus amtukane mtoto aliyelala.

Na kwenye Mabepari wa Venisi, Shylock anapomkemea askari jela kwa kumtoa Antonio matembezini, anamshangaa kuwa so fond. Fond leo ni mwenye kupenda. Kwa Shylock ni mpumbavu.

Jina lenyewe la tafsiri hiyo ni ushahidi wa nyumbani. Bepari lilitufikia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, na pwani likakaa hivyo bila ubaya wowote. Tafsiri ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati ambapo redioni na kwenye mikutano bepari alikuwa amekwisha kuwekwa benchi moja na mnyonyaji na kupe. Mzee wa forodhani angeweza kusoma jalada lile na kuona wafanyabiashara. Kijana wa Umoja wa Vijana wa TANU aliona maadui. Kiingereza kina merchant mmoja tu, Mwalimu akaweka wengi. Sidhani kama mtu mwenye sikio kama lake alichagua neno lile kwa bahati, na anayedai kwamba bepari "kwa kweli" ni mfanyabiashara tu anapitwa na nusu ya alichokuwa akikisema.

Kwa kazi ya darasani, nakushauri usianze na historia. Wape mistari minne ubaoni, wa Cassius, wa Portia, wa mfalme Henry na wa mtawa Laurence, waitafsiri bila kamusi. Wawili wa katikati watawanasa karibu wote. Kisha waulize kila mstari: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini? Cassius anataka rushwa ionekane ndogo. Henry anataka busu. Wakishayajibu hayo watakuwa wameipata maana wenyewe, na kamusi itakuja kuthibitisha tu. Ila chagua kamusi inayotoa mifano yenye tarehe. Kamusi kubwa ya Oxford iliyokamilika mwaka 1928 ilijengwa hivyo, kwa vijikaratasi vya watu waliojitolea kusoma vitabu na kunakili sentensi moja moja, na chini ya nice unaweza kumfuata karne kwa karne.

Maana ya zamani haijafa yote, na hili litawafaa wale wanaotaka kusoma sheria. Jaji akiandika kwamba hoja ya wakili ni a nice point, hajamsifia bado. Anasema hoja ni nyembamba, inahitaji kupimwa kwa makini, na wakili aliyetabasamu mapema anaweza kushindwa kwenye aya inayofuata.